Jina la Chuo na Usiku wa Jumamosi: Namna ya Kupima Chuo Kidogo cha Marekani Ukiwa Lubumbashi

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Machi na tarehe 1 Mei, huwa naitwa katika nyumba mbili tatu za Lubumbashi, mara Katuba, mara Kampemba, kwa ajili ya jambo lilelile. Mtoto amekubaliwa na vyuo viwili vidogo vya Marekani, vyote viwili vimeahidi msaada wa fedha, na tarehe 1 Mei ndiyo siku ambayo vyuo vingi vya huko hudai jibu. Barua zimechapishwa, ziko mezani. Baba anauliza ni chuo kipi chenye jina. Mama anauliza kama huko watoto wanakunywa pombe. Maswali yote mawili ni ya haki, lakini yakiulizwa hivyo hayajibiki, kwa kuwa jina lina maana zaidi ya moja, na pombe haikosekani chuo chochote. Mimi nilisoma miaka minne katika chuo cha namna hiyo, katikati ya mashamba ya mahindi, kabla ya kurudi nyumbani, na ninayoandika hapa ni jinsi ninavyozisaidia familia hizo kuyageuza maswali yao mpaka yapate jibu.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Kwetu Kongo neno koleji ni shule ya sekondari, na nimewahi kumwona mzee mmoja akikasirika, akidhani mwanawe aliyekwisha kufaulu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, anarudishwa nyuma. Chuo ninachokisema ni cha elimu ya juu, cha miaka minne, chenye wanafunzi kati ya elfu moja na elfu tatu hivi, ambacho kazi yake kubwa ni shahada ya kwanza. Mwanafunzi husoma mambo mengi, historia na hesabu na falsafa na biolojia, kisha huchagua somo lake kuu mwishoni mwa mwaka wa pili. Williams na Amherst huko Massachusetts, Grinnell huko Iowa, Berea huko Kentucky na Macalester huko Minnesota ni vyuo vya aina hiyo.

Udogo huo ndio unaobadilisha hesabu yote. Mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, asiyependa kelele za mabweni ya Kasapa hupanda teksi akaenda kulala kwao Ruashi, au kwa shangazi yake katika mtaa wetu uitwao Kenya, na Jumatatu akarudi darasani bila mtu kujua kwamba hakuwepo. Katika chuo kidogo cha Marekani karibu wanafunzi wote hulala chuoni, mji wa jirani huenda ukawa na barabara moja ya maduka, na ndugu wa karibu, kama yupo, yuko jimbo jingine. Desturi ya Jumamosi usiku haiwi jambo la kutazamwa kwa mbali. Hupita chini ya dirisha lako, hupanda ngazi zako, na Jumapili asubuhi unaikuta bafuni. Upande wa masomo nao ni vivyo hivyo: darasa lina watu kumi na wawili, mwalimu anakujua kwa jina, na ukikosa kipindi cha Ijumaa asubuhi atakuandikia kabla ya mchana kuuliza kama unaumwa. Ndiyo maana katika chuo kidogo sifa ya masomo na desturi ya starehe hazipimwi kama vitu viwili vilivyo mbalimbali, kwani mwalimu yuleyule wa Ijumaa asubuhi ndiye anayeona Alhamisi usiku ilikwendaje.

Jina ni la nani, na linajulikana wapi

Baba akisema jina, mara nyingi huwa anafikiria orodha. Orodha inayosomwa kuliko zote ni ile ya jarida la U.S. News, iliyoanza mwaka 1983, nayo vyuo vidogo huviweka katika kundi lao peke yao. Ni vizuri kujua imetengenezwa na nini: sehemu moja kati ya tano ya alama zake hutokana na maoni ya wakuu wa vyuo juu ya vyuo vya wenzao, kwa hiyo aliyesifiwa jana husifiwa na leo. Chuo cha Reed, huko Oregon, kilikataa kuendelea kuipelekea orodha hiyo takwimu zake tangu mwaka 1995, na bado ni miongoni mwa vyuo ambavyo wahitimu wake wengi, kwa kulinganisha na udogo wake, huendelea mpaka udaktari wa falsafa. Mimi huwaambia wazazi kwamba tofauti ya nafasi kumi au kumi na tano katika orodha hiyo waihesabu kuwa si kitu. Tofauti ya nafasi themanini ina maana, ingawa hata hapo ni lazima kuuliza maana gani.

Swali la pili ni jina linajulikana kwa nani. Ukisimama mbele ya ofisi za kampuni ya madini hapa Lubumbashi ukataja Carleton au Haverford, huenda asipatikane hata mtu mmoja wa kukuelewa. Kofi Annan alihitimu Macalester mwaka 1961, Eduardo Mondlane, kiongozi wa ukombozi wa Msumbiji, alihitimu Oberlin mwaka 1953, na majina ya vyuo vyao bado hayajafika mtaa wa Kamalondo. Jina la chuo kidogo hufanya kazi kwa watu wachache wanaolijua vizuri: kamati za vyuo vikuu zinazochagua wanafunzi wa uzamili na udaktari, waajiri wa huko huko Marekani, na wahitimu waliotangulia. Mtoto anayekusudia kuendelea na uzamili, jina litamsaidia sana. Mtoto anayekusudia kurudi moja kwa moja na shahada ya kwanza atasaidiwa zaidi na alichokisoma na waliomfundisha, na itambidi pia aombe diploma yake itambuliwe na wizara ya elimu ya juu, Kinshasa, ambako hawaangalii orodha ya U.S. News.

Kwa hiyo acheni mlango wa mbele wa chuo, ingieni idara. Hapa nasema kwa uchungu wangu mwenyewe. Kama watoto wengi wa Katanga nilitaka kusoma jiolojia, nikachagua chuo kwa nafasi yake katika orodha, bila kufungua ukurasa wa idara. Idara ile ilikuwa na profesa mmoja wa kudumu. Mwaka wangu wa tatu alichukua likizo ya utafiti, kama maprofesa wa huko wanavyoruhusiwa kila baada ya miaka kadhaa, na somo la madini nililolisubiri halikufundishwa mpaka nilipokaribia kuondoka. Chuo chenyewe kilikuwa kizuri. Kosa ni langu la kutokuhesabu. Fungueni ukurasa wa idara, mhesabu walimu wa kudumu, mkiacha wa muda, kisha mtazame ratiba za mihula minne iliyopita, maana orodha ya masomo yaliyoandikwa katika kitabu cha chuo ni ahadi, lakini ratiba ndiyo inayoonyesha yaliyofundishwa. Idara yenye walimu wanne au watano wa kudumu inavumilia mmoja akiondoka.

Kuna pia hati inayoitwa Common Data Set, ambayo vyuo vingi huitoa kila mwaka katika tovuti zao, zote kwa mpangilio mmoja, hata unaweza kuweka mbili kando kwa kando. Sehemu B huonyesha ni wanafunzi wangapi kati ya mia waliorudi mwaka wa pili na wangapi waliomaliza ndani ya miaka sita. Sehemu I huonyesha madarasa yana watu wangapi. Mimi huanza na namba ya wanaorudi mwaka wa pili, kwa sababu humo masomo na maisha vimechanganyika: mtu anayeondoka baada ya mwaka mmoja huenda ameshindwa na hesabu, huenda ameshindwa na bweni, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui ni kipi kilichoanza.

Sherehe isiyo na viti

Sasa tuje kwa swali la mama, ambalo ni gumu zaidi, kwa kuwa mama wa Lubumbashi na mwanafunzi wa Marekani wakitamka neno sherehe hawazungumzii kitu kimoja. Hapa kwetu bia iko mezani, Simba au Tembo, mbele ya wazee, karibu na sahani ya nyama na bukari, yaani ugali, na atakayezidisha shangazi atamwondolea chupa bila kumwuliza. Jumamosi yangu ya kwanza chuoni nilialikwa katika nyumba ya wanafunzi. Tulishuka chini ya ardhi, katika chumba chenye joto na muziki usioruhusu mazungumzo. Nilitafuta mahali pa kuketi, nikagundua kwamba hakukuwa na kiti hata kimoja. Hakukuwa na chakula wala mkubwa yeyote. Watu wa umri wangu walisimama wamebanana, wameshika vikombe vyekundu vya plastiki, na wengi walikuwa wamekwisha kulewa kabla ya kufika. Nilidhani sherehe bado haijaanza, kumbe ilikuwa imefikia kilele.

Sababu moja ya hali hiyo ni sheria. Tangu sheria ya mwaka 1984, majimbo yote ya Marekani yameweka umri wa kununua pombe kuwa miaka 21, wakati mwanafunzi huingia chuo na miaka 18. Sehemu kubwa ya chuo, kwa hiyo, haiwezi kununua bia hadharani, na pombe iliyofichwa hunywewa haraka, chumbani, kabla ya kutoka, na mara nyingi ni pombe kali kwa sababu chupa yake ni rahisi kuficha. Kwa mwanafunzi wa kigeni jambo hili lina uzito wa ziada: akikamatwa anaendesha gari amelewa, viza yake inaweza kufutwa hata kabla ya hukumu. Mtoto aliyezoea kunywa chupa moja na baba yake Jumapili aambiwe hilo waziwazi kabla ya kupanda ndege.

Jambo la pili ni vyama vya udugu, vikundi vya wanafunzi vinavyojichagulia wanachama, vile vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki. Vilipata mizizi katika chuo kidogo hasa, Union, huko Schenectady katika jimbo la New York, ambako vitatu vilianzishwa kati ya mwaka 1825 na 1827. Vyuo kadhaa vimeviondoa: Williams kiliamua hivyo mwaka 1962, Amherst kilivifunga mwaka 1984, na mwaka 2014 kikawakataza wanafunzi hata kujiunga navyo nje ya chuo, Swarthmore kilivipoteza viwili vya mwisho mwaka 2019 baada ya wanafunzi wenyewe kukaa chini na kugoma. Sehemu F ya hati ile niliyoitaja itakuambia ni asilimia ngapi ya wanafunzi wamo katika vyama hivyo na asilimia ngapi hulala chuoni. Chuo ambacho nusu ya wanafunzi wamo ndani ya vyama, nusu nyingine huishi maisha ya wasioalikwa. Lakini msidhani kwamba pasipo vyama hapana ulevi. Mara nyingi huhamia kwenye timu za michezo, na katika vyuo kama Williams karibu theluthi ya wanafunzi huichezea timu fulani ya chuo. Ulizeni basi ni nani anayeandaa Jumamosi, na kama mtu asiyecheza na asiye na chama ana pa kwenda.

Namba za pombe zenyewe zipo, na ni watu wachache wanaozisoma. Mwaka 1986 mwanafunzi Jeanne Clery aliuawa chumbani kwake katika Chuo Kikuu cha Lehigh; mwaka 1990 ikapitishwa sheria inayobeba jina lake, inayovilazimu vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kutoa, kufikia tarehe 1 Oktoba kila mwaka, ripoti ya usalama yenye takwimu za miaka mitatu. Andikeni katika simu jina la chuo pamoja na neno Clery, mtaipata, na faili yake haimalizi mega nyingi. Tafuteni jedwali la kesi za pombe: waliokamatwa na polisi, na waliopelekwa mbele ya nidhamu ya chuo. Kisha gawanyeni kwa idadi ya wanaolala bwenini. Tuseme chuo kimoja kina kesi 150 kwa wanafunzi 1,500, na kingine kina kesi 60 kwa wanafunzi 2,400. Cha kwanza kina kesi kumi kwa kila mia, cha pili mbili na nusu. Msikimbilie kuamua. Namba kubwa inaweza kutokana na walezi wa mabweni wanaopita kila usiku na kuandika kila chupa, na namba ndogo inaweza kutokana na macho yaliyofumbwa. Mimi hutazama zaidi mwendo wa miaka mitatu, na namba ikiruka ghafla, au ikianguka ghafla, ninakuwa na swali la kuuliza badala ya jibu.

Ratiba nayo husema. Colorado College, tangu mwaka 1970, hufundisha somo moja tu kwa wakati mmoja, wiki tatu na nusu, kisha wanafunzi hupumzika kuanzia Jumatano mchana hadi Jumapili. Starehe ya huko hufuata mapumziko hayo. Chuo ambacho hakina vipindi Ijumaa kitakuwa na Alhamisi usiku ndefu. Tazameni pia maktaba hufungwa saa ngapi Jumamosi: inayofungwa saa kumi na moja jioni imekwisha kuwaambia wanafunzi inachokitarajia.

Namna ya kuuliza

Afisa wa udahili hulipwa ili chuo kipendeze, na hata akiwa mkweli hajui bweni la ghorofa ya tatu. Mwombeni awaunganishe na wanafunzi wawili: mmoja wa chama cha wanafunzi Waafrika, na mmoja wa idara mnayoitaka, ikiwezekana wa mwaka wa pili, kwa sababu wa mwaka wa kwanza bado amevutwa na mageni na wa mwaka wa nne ameanza kusamehe. Wapigieni Jumamosi, saa kumi na mbili jioni ya hapa, ambayo mwezi Aprili ni saa tano asubuhi huko Iowa; sauti ya mtu aliyelala kwa muda wa saa mbili tu haifichiki.

Msiulize kama kuna sherehe nyingi. Kila mmoja atajibu kwamba zipo kiasi, na kwamba hakuna anayelazimishwa. Ulizeni vitu vilivyokwisha kutokea: Alhamisi iliyopita, saa nne usiku, ulikuwa wapi na nani? Mara ya mwisho mtu alipolewa mpaka akaumia, ni nani aliyeita msaada, na je, aliyeita aliadhibiwa? Vyuo vingi vina kanuni ya kutomwadhibu anayeomba msaada kwa ajili ya mwenzake, na mwanafunzi asiyeijua anaonyesha kwamba imebaki karatasini. Kuna bweni la watu waliokubaliana kutotumia pombe, na wanaoishi humo huonekana watu wa kawaida au wa kuchekwa? Wakati wa Noeli, mabweni yakifungwa, wanafunzi wa mbali hulala wapi, na chakula chao hutoka wapi? Swali hili la mwisho halihusu starehe kwa juu juu, lakini katika uzoefu wangu limefichua tabia ya chuo kuliko mengine yote, kwa kuwa chuo kinachowakumbuka watu mia waliobaki kwenye theluji mwezi Desemba hakitakosa kuwakumbuka Jumamosi ya kawaida.

Kuweka mizani

Fedha hutangulia, na hapo sitakaa. Chuo ambacho gharama yake, baada ya msaada, familia haiwezi kuilipa kwa miaka yote minne kimejiondoa, hata kiwe na jina gani. Berea, ambacho hakitozi ada ya masomo na humtaka kila mwanafunzi afanye kazi angalau saa kumi kwa wiki, kinastahili kutazamwa na familia nyingi ambazo hazijawahi kulisikia jina lake.

Baada ya fedha ninaweka idara, kisha usiku wa kawaida, na jina la chuo kwa jumla linakuja nyuma yake. Najua wengi watapinga mpangilio huu. Lakini uzito wa usiku haufanani kwa kila mtoto. Aliyekwisha kuishi mwaka mmoja katika mabweni ya Kasapa, akajipikia, akajifungia kusoma huku jirani akipiga muziki, huyo anaweza kwenda chuo chenye kelele kama idara yake ni bora; ameshapata kinga. Aliyetoka moja kwa moja mikononi mwa mama yake, na hasa aliye mwepesi wa kutaka kupendwa, simpeleki mahali ambapo mlango wa urafiki ni mmoja tu na mlango wenyewe una vikombe vyekundu. Kuna na wa tatu, anayesahaulika: mtoto mpole, asiyekunywa, ambaye wazazi wanadhani yuko salama popote. Huyo hatari yake ni upweke. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtu asiye na kundi huacha kwanza kwenda kula, halafu huacha kwenda darasani. Kwake chuo kisicho na starehe yoyote ni kibaya kama kile kilichozidisha. Kosa katika hatua hii halirekebishiki kirahisi, maana msaada wa fedha kwa mwanafunzi wa kigeni anayetaka kuhamia chuo kingine ni mdogo sana.

Mimi mwenyewe nilikaa wiki sita chumbani kila Jumamosi kabla ya kugundua kwamba bweni letu lilikuwa na jiko katika ghorofa ya chini. Nilinunua unga wa mahindi wa kwao, wa njano, nikapika bukari iliyokataa kushikana, na Mnepali wa chumba cha pili akaja na dengu. Kufikia mwezi wa pili tulikuwa watu tisa, na tulileta viti kutoka chumba cha kusomea. Tangu hapo, chuo chochote ninachokipima nauliza kama mabweni yana jiko na kama ufunguo wake uko kwa wanafunzi au kwa ofisi.

Mwaka jana, katika nyumba moja ya Katuba, tulimpigia mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana wa Rwanda, na simu ikawekwa mezani kati ya zile barua mbili. Baba aliuliza kuhusu maprofesa, akajibiwa vizuri. Kijana wetu akauliza kuhusu Alhamisi. Halafu mama, aliyekuwa kimya muda wote, akaisogelea simu akauliza kwa Kiswahili: "Mwanangu, ukiumwa homa usiku, ni nani anajua?" Yule kijana alinyamaza kidogo, kisha akataja majina manne, moja likiwa la mwalimu wake wa kemia. Tulipopigia chuo cha pili swali lilikuwa lilelile, na mwanafunzi wa huko alituambia kwamba kuna namba ya simu ya dharura, atatutumia.